Fundi Anajibu: Cat5e, Cat6 ama hiyo Cat7 ya mjini?

Mwezi huu maswali ya kebo za netiweki yamejaa, nadhani ni juu faiba imefika kwa ploti nyingi na kila mtu sasa anavuta waya ndani ya nyumba. Nimechukua matano, la kwanza nimelijibu kwa urefu manake ndilo linaumiza watu pesa zaidi.

Habari fundi. Nafungua saiba hapa Kayole, mashine 12, rumu ni moja lakini ndefu, mashine ya mwisho iko kama mita 20 kutoka kwa swichi. Intaneti nimelipia ya mbps 50. Nimeenda Luthuli, duka la kwanza wakaniambia Cat5e imepitwa na wakati nichukue Cat6, la pili wakasema Cat6 pia ni ya zamani siku hizi watu wanaweka Cat7, na bei ya hiyo Cat7 ni karibu mara tatu. Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Nichukue gani nisije nikajuta? – Wa saiba, Kayole

Ndugu yangu, ulifanya vizuri sana kurudi na pesa yako mfukoni. Hebu tuanze na hizo namba juu watu wengi wanazichukua kama namba za simu mpya, ati ikiwa kubwa basi ni mpya na ikiwa mpya basi ina kasi.

Ndani ya kebo kuna nyaya 8, zimesokotwa mbili mbili, jozi 4. Zinasokotwa ili zisiingiliane, manake mawimbi yakipita kwa jozi moja yanavuja kidogo kwa jirani, kama vile unavyosikia redio ya mlango wa pili kwa hizi bedsita zetu za ukuta mwembamba. Ukichubua kebo vizuri utaona kila jozi imesokotwa kwa kipimo chake, moja imebana sana nyingine imelegea kidogo, na hiyo imefanywa makusudi, zikifanana zote zitaongeleana. Sasa ile namba ya Cat inakuambia huo msokoto umefanywa kwa ustadi kiasi gani na kebo imepimwa mpaka wapi: Cat5e ni mpaka megahezi 100, Cat6 ni 250, Cat6a ni 500.

Tukija kwa kazi yenyewe, Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde umbali wa mita 100. Standadi ya gigabiti kwa waya za shaba ilitoka 1999 na ilitengenezwa ikilenga hizo hizo waya za familia ya Cat5 zilizokuwa tayari kwa maofisi. Cat6 inabeba hiyo gigabiti 1 bila kutoka jasho, na ikiwa fupi, tuseme mita 55 kurudi chini na haijafungwa pamoja na zingine nyingi, inafika gigabiti 10. Ukitaka hizo gigabiti 10 mita 100 nzima ndio unaingia Cat6a. Na 2016 ikatoka standadi nyingine ya gigabiti 2.5 na 5, hiyo ilifanywa ili watu wasibomoe ukuta kutoa waya za zamani, na Cat5e ikapewa hiyo 2.5. Kwa hivyo anayekuambia Cat5e imepitwa na wakati muulize imepitwa na nini.

Wewe umelipia mbps 50. Gigabiti moja ni mbps 1000. Hakuna kebo duniani itachukua hiyo 50 iigeuze 60, kasi ya kutoka nje unaipata kwa anayekuuzia intaneti, kebo kazi yake ni kutoipunguza tu. Mahali utafurahia gigabiti ni mashine kwa mashine, kama unatuma faili kubwa kutoka kwa kompyuta ya kaunta ama wateja wote wanaprinti kwa printa moja. Mimi ningekuwa wewe ningechukua Cat5e kwa zile mashine 12, na kama kuna mahali waya inapita ndani ya ukuta ama chini ya sakafu hapo niweke Cat6, juu siku ukitaka kuibadilisha gharama kubwa itakuwa fundi wa kubomoa na wa kupiga plasta, waya yenyewe itakuwa hela kidogo.

Cat7 iko, sitasema ni uongo. Iko kwa standadi ya kimataifa ya ISO, lakini shirika la TIA la Marekani, hao ndio wanaandika standadi nyingi za waya tunazofuata, halikuwahi kuikubali, na iliundwa iende na vichwa vya aina nyingine, si hiki cha RJ45 kinachoingia kwa mashine zako. Ukishaikrimpia RJ45, yaani kuibana kwa hicho kichwa, haifanyi tena ile kazi uliyolipia. Tena kila jozi imefungwa kwa foili na hiyo foili inataka kuunganishwa na waya wa ardhini kwa vichwa vya chuma, usipofanya hivyo inaweza kukuletea kelele badala ya kuzizuia. Kuna na Cat8, hiyo ni ya vyumba vya seva, mita 30 tu basi.

Sasa kuna jambo hukuuliza na ndilo ningetaka ulishike kuliko hayo yote. Usiulize kwanza namba, uliza ndani ni nini. Kuna kebo ya shaba tupu na kuna ya alumini iliyopakwa shaba juu, hiyo mafundi tunaiita CCA na herufi hizo mara nyingi zimeandikwa kwa ganda lenyewe kwa maandishi madogo, ukigeuza kwa mwanga utaziona. Alumini inapitisha umeme karibu asilimia 61 ya shaba. Inakatika ukiikunja mara kadhaa, ikikaa kwa kichwa cha RJ45 inalegea, na hakuna standadi yoyote ya Cat5e ama Cat6 inayoikubali, hata kama boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa za dhahabu. Cat5e ya shaba tupu itaishinda Cat6 ya alumini asubuhi na jioni.

Mimi hii nilijifunza kwa uchungu. Nilipewa kazi ya ofisi moja Ngara, ghorofa ya tatu, madawati 18, nikanunua maboksi mawili kwa duka moja hapo mjini, muuzaji akaniapia ni Cat6 original, bei ilikuwa tamu nikafurahi. Nikavuta, nikakrimpi, nikapima na ile testa ya taa, taa zote 8 zikawaka kwa mpangilio kila waya, nikalipwa nikaenda nyumbani. Wiki ya tatu wakaanza kunipigia, mashine ya dirishani inapotea kwa netiweki, kesho yake ni ya mhasibu, ukiigusa waya inarudi, ukiondoka inakufa. Nikakata kichwa kimoja nikachukua wembe nikakwangua ule uzi, ile rangi nyekundu ikatoka kama rangi ya kucha na chini kukawa kweupe. Nilikaa kwa sakafu pale nikitazama huo uzi. Nilivuta ofisi nzima upya kwa pesa yangu, usiku, siku nne, juu mchana wanafanya kazi. Na kumbe ile testa ya taa inakuambia tu kama waya imefika upande wa pili, ubora wa waya haiujui.

Kwa hivyo ukirudi Luthuli beba wembe na kiberiti cha gesi. Mwambie akukatie kipande cha nusu mita kutoka kwa boksi lenyewe utakalonunua, si ile sampo ya kaunta. Kwangua: shaba ni nyekundu mpaka ndani. Choma ncha: alumini inalegea na kudondoka upesi, shaba inakuwa nyeusi na inabaki imesimama. Weka na kasumaku, ikishika hiyo ni chuma imepakwa shaba, toka kwa hilo duka. Na inua boksi. Kebo ya Cat5e ya mita 305 ina zaidi ya kilo 4 za shaba peke yake ndani, ile ya alumini chuma chake chote hakifiki kilo 2, mkono wako utakuambia kabla hujafungua kitu. Muuzaji mwaminifu hawezi kukasirika ukifanya hivi, wengine wanakutolea wembe wao.

Fundi, mimi niko na ploti Umoja, ghorofa nne, nimewekewa kamera 8 za kupitisha waya ya netiweki. Mchana picha ni safi kabisa. Ikifika saa moja jioni kamera tatu, zile za geti na za nyuma, zinaanza kuzima na kuwaka mpaka asubuhi. Aliyeniwekea amebadilisha kamera mara mbili na anasema ni stima ya hapa. Wapangaji wanalalamika na usiku ndio nazihitaji. – Mzee wa ploti, Umoja

Mzee wangu, kamera zako pengine ni nzima kabisa na hizo mbili za kwanza pia zilikuwa nzima. Nitakueleza kwa nini ni usiku.

Kamera ikiona giza inawasha taa zake za infraredi, zile hatuzioni kwa macho, na hapo inakula umeme mara mbili ama zaidi ya mchana. Hizo zako tatu, nina hakika, ndizo zilizo mbali zaidi na boksi la kurekodi. Na nashuku fundi wako amepitisha umeme wa volti 12 kwa zile jozi mbili zisizotumika, kwa kutumia vile viwaya vya bei rahisi vya kugawanya, tena kwa kebo ya alumini.

Hebu fuata hesabu. Uzi mmoja wa shaba wa kawaida una ukinzani wa kama omu 9.4 kwa mita 100. Geti likiwa mita 60, umeme uende kwa nyuzi mbili na urudi kwa nyuzi mbili, jumla ni kama omu 5.6. Mchana kamera inavuta labda ampea 0.25, unapoteza volti 1.4, inabaki na 10.6, inavumilia. Usiku ikivuta ampea 0.6 unapoteza volti 3.4, inabaki na 8.6, inaanza kuyumba. Sasa weka alumini hapo, omu zinapanda kama mara moja na nusu, usiku geti linapata karibu volti 7. Kamera inazima, ikizima haivuti kitu volti zinarudi 12, inawaka, inawasha taa, inazima tena. Ndio huo mchezo unaoona usiku kucha.

Dawa yake ni kutumia PoE yenyewe, yaani umeme na data kwa waya moja ya netiweki, ile ya standadi, inayosukuma volti 48 hivi na swichi na kamera zinasalimiana kwanza kabla umeme kupita. Kwa volti 48 kamera ya wati 7 inavuta kama ampea 0.15 tu na upotevu unakuwa mdogo sana hata mita 60. Standadi ya kwanza ya 2003 inatoa wati 15.4 kwa kila tundu, ya 2009 wati 30, kwa kamera zako ile ya kwanza inatosha. Angalia kwanza kamera zako zimeandikwa PoE, kama hazikuandikwa kuna vidude vya kushusha volti 48 kuwa 12 vinakaa pale pale kando ya kamera.

Na zile waya tatu za mbali zitoe uweke za shaba tupu. Hapa sitalegeza mzee, juu alumini ikibebeshwa umeme inapata moto kuliko shaba, na ukiwa umezifunga nyingi pamoja ndani ya paipu moja unaweka joto mahali hulioni, kwa nyumba ambayo watu wamelala. Zile za nje ziwe na ganda jeusi la kuvumilia jua, hili la kijivu la ndani likipigwa na jua linakauka na kupasuka, mvua inaingia.

Niaje fundi, mimi ni mwanafunzi naishi Kahawa West. Tumechanga na marumeti tukalipia mbps 200. Kwa waifai naona 180 hapo, kwa laptopu ya waya haipiti 94 hata saa nane usiku. Nimenunua Cat6 mpya ya mita 15 na bado. Waya si ndio inafaa kuwa na kasi zaidi? – Wa 94, Kahawa West

Mdogo wangu, hiyo 94 inaongea yenyewe. Laptopu na rauta zimeongea zikashindwa kukubaliana gigabiti, zikashuka mpaka mbps 100, na katika hizo 100 kichwa na mkia vya kila pakiti ya data vikitolewa unabaki na kama 94. Ukiona namba hiyo usipigie kampuni ya intaneti, tazama waya.

Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu, pini za 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote 4. Kwa hivyo uzi mmoja tu ukikatika pale kwa 4, 5, 7 ama 8, kila kitu kinaendelea kufanya kazi ila kwa mwendo wa zamani, na hakuna taa nyekundu itakayokuambia. Chukua hicho kichwa cha RJ45 ukitazame kwa tochi ya simu kwa mbele. Nyuzi zote 8 lazima zifike mpaka mwisho wa plastiki, na kwa rangi, ukishika klipu ikiangalia chini na waya ikija upande wako, kutoka kushoto ni nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Mara nyingi ni ule wa kahawia wa mwisho umebaki nyuma milimita mbili. Kata, krimpi upya, na usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwa kichwa, wengine wanafungua sentimita tano ndio iwe rahisi kunyoosha na hapo wanaua kazi yote ya kiwandani.

Kama waya ni nzima tazama tundu la rauta, kuna rauta nyingi za bei nafuu ambazo matundu yake ni ya 100 tu japo waifai yake inapita hapo, na hapo hata Cat8 haitakusaidia. Tazama na laptopu pia.

Hujambo fundi. Kuna hizi kebo bapa nyembamba zinapita chini ya kapeti bila kuonekana. Nataka ya kutoka sitingirumu mpaka chumba cha mtoto anasomea, kama mita 10. Ni salama ama ni urembo tu? – Mama, Buruburu

Mama, kwa mita 10 na masomo ya mtoto itafanya kazi, weka bila wasiwasi. Nyuzi zake ni nyembamba na msokoto umelazwa, kwa hivyo ile iliyoandikwa Cat7 usiilipie zaidi ya Cat6, ndani ni zile zile. Isipite pale mlango unapofungia ama chini ya mguu wa kitanda. Na kama siku moja utaweka kamera usiitumie kubeba umeme, hapo tafuta ile ya mviringo.

Sisi ni kanisa dogo Githurai. Tuna jengo la ibada na upande wa pili wa uwanja kuna madarasa, kama mita 70. Kijana wetu ametuambia tuvute Cat6 ya nje hewani kutoka paa hadi paa. Mwaka jana mvua ya Aprili ilituchomea swichi na rauta siku moja, tulikuwa na waya hivyo hivyo. Je, tuweke Cat6a yenye foili ndio izuie? – Katibu, Githurai

Katibu, poleni kwa hiyo hasara, najua michango inavyokusanywa. Lakini tafadhali msivute shaba tena hapo, ya namba yoyote. Mita 70 Cat6 inafika vizuri, umbali hauna shida. Shida ni kwamba majengo mawili yana waya za ardhini mbili tofauti, na radi ikipiga hata karibu tu, si lazima ipige waya, upande mmoja unapanda volti kuliko mwingine na njia pekee ya kusawazisha inakuwa hiyo kebo yenu, inapitia kwa swichi. Foili ya Cat6a hapo ni njia nyingine tu ya chuma kutoka jengo hili mpaka lile.

Wekeni faiba. Ni kioo, umeme haupiti. Mnahitaji kebo ya faiba ya nje yenye nyuzi mbili, na viboksi viwili vya kugeuza faiba kuwa RJ45, kimoja kila upande, vya aina moja vinavyoongea pamoja. Mwambieni muuzaji awakatie mita 85 ndio ibaki ya kuzungusha pande zote mbili, na awawekee vichwa kabisa dukani manake mashine ya kuunganisha faiba kijana wenu hana. Kuna moja inauzwa ikiwa na waya wa chuma kando wa kuibeba hewani, huo waya msiuingize ndani ya jengo, muukate na kuufunga nje ukutani, faiba peke yake ndio ipite dirishani. Na mfanye kabla Oktoba, ile mvua ya vuli inakuja na radi zake.